Tuongee muvi kidogo

Okello kaka,

Habari za Gulu? Huku Kampala tupo, mvua na jam kama kawaida. Nimesoma meseji yako eti muvi zinazotafsiriwa na VJ, yule anayezisimulia kwa sauti yake juu ya picha, haziwezi kumfikirisha mtu, lazima ukae peke yako na sabtaito. We acha bana.

Sikia, juzi kibanda cha video cha huku mtaani waliweka The Matrix, ile ya 1999, ya watu wanaoishi kwenye dunia ya uongo ambayo mashine zinawawekea kichwani, na VJ alivyo hana muda wa hotuba, Morpheus, kiongozi wa waliotoroka, anaeleza ukweli ni nini, VJ anamwaga utani wa Kiganda juu yake, na kusema kweli sikuona tumepoteza kitu, yale maneno mengine ni mbwembwe tu. Lakini ikafika pale Cypher, mmoja wa hao waliotoroka, amekaa restoranti ndani ya ile dunia ya uongo na ajenti wa mashine, kipande cha nyama kwenye uma, anasema najua nyama hii haipo, ni mashine inauambia ubongo wangu ni tamu, halafu anataka arudishwe huko huko asikumbuke chochote, awe tajiri, mtu mkubwa. Kibanda kikawaka! Jamaa wa boda anasema kwani kosa lake nini, huko nje si wanakula uji usio na ladha? Yule wa kukaanga rolex, ile chapati ya mayai, akamwambia kosa sio nyama, kosa ni kuuza wenzake ili aipate.

Kaka, yule mwanafalsafa Robert Nozick aliuliza jambo kama hilo 1974, na ile mashine yake ya raha, ungekubali uunganishwe nayo maisha yako yote? Chuo tulibishana weee, na sikumbuki mtu aliyetenganisha hayo mawili haraka hivo.

Ndo maana mi The Truman Show ya 1998 naiweka juu zaidi, huko hamna mtu wa kukufundisha falsafa. Truman, ambaye maisha yake yote ni kipindi cha TV bila yeye kujua, mwishowe anagundua na kutoka mlangoni, dunia nzima inashangilia, walinzi wawili wanaomwangalia kwenye TV huku wanakula pizza nao wanashangilia, halafu matangazo yanakatika na mmoja anauliza kuna nini kingine kwenye TV. Basi! Wamemwangalia mtu miaka yote hiyo na wanabadili chaneli hapo hapo. Hilo lilinichoma kuliko yote aliyoyapitia Truman mwenyewe, maana mi na we si ndo hao walinzi?

Haya nijibu, ila usiniandikie insha. Msalimie mama, na mdogo wako mwambie charja yake nampa dereva wa basi Ijumaa, aende stendi mapema.

Wako,
Musa