Wito wa Harambee: Kwa Nini Hatutaki Kupanda Mti wa Aina Moja

Wazazi, walezi, wahitimu na marafiki wa shule yetu,

Kamati ya mazingira inawaomba mshiriki harambee ya kuurudishia uoto uwanja mtupu ulio nyuma ya madarasa. Tulipolitaja jambo hili kwa mara ya kwanza, wengi waliuliza kwa nini tusipande mti mmoja unaokua haraka, ambao miche yake hupatikana kwa urahisi na kwa gharama ndogo. Swali hilo ni la haki, nasi tunapenda kulijibu kabla ya kuomba chochote.

Shamba la aina moja hupendeza hadi siku ugonjwa wake unapowasili. Maskini wa Ireland walitegemea viazi, hasa vya aina moja, na kwa kuwa kiazi huzaliwa na kiazi mwenzake bila kuchanganya mbegu, mimea yote ilikuwa na udhaifu uleule. Ukungu ulipoingia mwaka 1845, haukukuta kizuizi shambani, na katika miaka michache iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi. Utawala mbaya ulichangia pia, hatukatai, lakini mlango ulifunguliwa shambani.

Kiumbe kinaweza kutuhudumia tusikione hata siku moja kuwa ni cha thamani. Nchini India, tumbusi walikufa kwa wingi kuanzia miaka ya 1990 kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Ndege hao, ambao wengi wetu tungewafukuza kwa mawe, walipotoweka, mizoga ilibaki ikioza na mbwa wa mitaani wakaneemeka, pamoja na hatari ya kichaa cha mbwa. Matumizi ya dawa hiyo kwa mifugo yalipigwa marufuku mwaka 2006, ila idadi ya tumbusi haijarejea ilivyokuwa.

Kwa uwanja wetu, hoja kubwa zaidi ni nyuki. Takribani robo tatu ya mazao makuu ya chakula duniani hutegemea, walau kwa kiasi, wadudu na wanyama wengine wanaochavusha maua. Mti wa aina moja huchanua kwa msimu wake kisha huwaacha nyuki na njaa; miti na vichaka vinavyopokezana kuchanua huwafanya wabaki karibu na mashamba yetu mwaka mzima.

Mchanganyiko huo ndio unaogharimu. Mbegu za miti ya asili mara nyingi hazipatikani madukani. Hukusanywa kwa mkono chini ya mti mama, na nyingine hukaa kitaluni kwa miezi kabla ya kuota. Michango yenu itanunua viriba, samadi na uzio wa kuzuia mifugo, na itamlipa mtunza kitalu hadi miche ivuke kiangazi cha pili, kwa maana huo ndio wakati ambao miche mingi ya harambee hufa baada ya wageni kuondoka. Tutawapa hesabu ya miti iliyo hai, si ya miche iliyopandwa, na mapato na matumizi yote yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Asiye na fedha tunamwomba mbegu, na zaidi tunamwomba mzee wa nyumbani kwake anayeijua miti kwa majina, aje akae na wanafunzi siku ya kuzichambua.