Kadi nzuri, uso wa matanga: barua kwa vijana wa gofu wa Jumamosi

Wanangu,

Salamu nyingi. Natumai viuno havijakaza. Mimi ni yule mzee wa benchi la makedi, sisi wabeba mifuko ya fimbo zenu, mnayenipita kila Jumamosi asubuhi mkiniuliza, "Mzee, upepo leo vipi?" halafu mwaenda zenu kabla sijafungua mdomo. Leo nitasema yote kwa mkupuo mmoja.

Jumamosi iliyopita mmoja wenu (simtaji, mwenyewe ajijua) aliingia kutoka shimo la 18 akiwa na pointi 38. Nasema 38, na pointi nyingi ndizo bora. Anayecheza sawasawa na handikepu yake, yaani mikwaju ya nyongeza anayoruhusiwa kwa kadiri ya uwezo wake, hupata 36, kwa hivyo huyu alijipita mwenyewe kwa pointi 2, tena mwezi huu wa Julai, kusi inavuma hadi bendera za mashimo zinapiga makofi. Basi akaitupa kadi mezani kama bili ya stima. "Nimecheza ovyo kabisa," asema. "Hata sijui nimezipataje." Aliyekaa kando yake alikuwa na pointi 21, na mipira miwili ameiacha baharini kwa samaki wa Kilindini. Na huyo ndiye aliyeanza kumpa pole mwenzake! Mwenye njaa anambembeleza aliyeshiba kwa kuwa wali wake ulikuwa na changarawe.

Nilicheka. Kisha nikaona si jambo la kuchekwa, maana si mara ya kwanza na si yeye pekee.

Mashimo ya mwisho nilikuwa nimewafuata kwa miguu, kwani daktari ataka nitembee. Kuna shimo moja, kipimo chake mikwaju minne (ndiyo anayotarajiwa mchezaji hodari kulimaliza), ambapo kijana wetu aliupiga mpira wa kuanzia ukakata kulia na kugonga mbuyu. Ule mlio nimeusikia tangu utotoni, kama mtu apigaye pipa tupu. Mpira ukaanguka nyuma ya shina. Akasema neno ambalo midomo yake ilinionyesha bila sauti. Kedi wake hakusema kitu, akamnyooshea fimbo namba 5 badala ya ile aliyokuwa ameshaishika. Kijana akaitazama, akaichukua, akaishika chini karibu na chuma, akaupiga mpira chinichini. Ukapita chini ya matawi na chini ya upepo, ukatambaa, ukasimama kama hatua ishirini kabla ya grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo. Wa tatu akauinua kidogo tu, kwa mkono mwepesi, ukadunda mara mbili ukakaa futi tatu kutoka shimoni. Akausukuma ukaingia. Mikwaju minne.

Mezani alisimulia mbuyu. Mbuyu peke yake! Na ile mikwaju mitatu iliyofuata aliipiga nani, jini wa Mtongwe?

Hapo ndipo ninapogombana nanyi. Mnahesabu ubora wa mchezo kwa mkwaju wa kwanza, ule unaoonekana na kila mtu. Hesabu ya gofu yenyewe haiko hivyo. Uwanja wa kipimo cha mikwaju 72 umepangiwa mikwaju 36 ya kusukuma, miwili kila grini. Nusu nzima ya mchezo iko pale, mahali ambapo hakuna mwenye kupiga mluzi wa kustaajabu. Na pale pia si pepesi: wachezaji wa kulipwa wa Marekani, ambao hiyo ndiyo kazi yao ya kulisha watoto, kutoka futi 8 hukosa karibu nusu ya mipira. Wewe kazi yako ni kuuza vipuri Makupa, na ukikosa moja kutoka futi 8 waona dunia imekuonea.

Mwaka wa 1979 nilikuwa kijana wa kubeba mifuko. Mwaka huo Seve Ballesteros, Mhispania wa miaka 22, alishinda Open ya Uingereza, shindano kubwa la gofu, kwenye uwanja wa Royal Lytham, akimwacha aliyemfuata kwa mikwaju 3. Siku ya mwisho, shimo la 16, mpira wake wa kuanzia ulikwenda kutua kwenye magari yaliyoegeshwa. Kanuni zikamruhusu auondoe bila adhabu, akaupiga hadi kwenye grini, akausukuma kutoka mbali ukaingia, akamaliza shimo mkwaju mmoja chini ya kipimo chake. Watu wakamwita bingwa wa maegesho. Wengine walilisema kwa kebehi, lakini kombe alilibeba yeye. Sisi makedi tulilipenda jina hilo kuliko wazungu wenyewe, kwa sababu sisi mchana kutwa tunaishi huko mpira unakopotelea. Twajua kutoka huko kuna kazi gani.

Na hizo pointi mnazohesabu, mwajua zilitoka wapi? Kwa daktari wa upasuaji, Frank Stableford. Mwaka wa 1932, katika klabu ya Wallasey huko Uingereza, iliyo ufukweni na yenye upepo kama wetu, yakafanyika mashindano ya kwanza kwa hesabu yake. Shimo ulilolivuruga unapata sifuri, unaokota mpira, unakwenda mbele; halikuharibii siku yote. Yaani mfumo mzima ulitungwa na mtu aliyekubali tangu mwanzo kwamba utavuruga. Handikepu nayo ni hivyo hivyo. Hesabu ya sasa, iliyoanza kutumika duniani mwaka wa 2020, huchukua raundi zako 20 za mwisho, ikachagua 8 zilizo bora, na 12 ikaziweka kando. Wenye mchezo wamekusamehe raundi 12 kwa 20. Wewe mwenyewe huwezi kujisamehe mbuyu mmoja.

Nami nimepitia huko, msidhani nawapigia kelele kutoka juu ya mnara. Zamani zetu makedi tulikuwa na Jumatatu yetu ya kucheza. Nilikuwa na fimbo saba za kuazima na mfuko uliofungwa kwa kamba ya katani. Jumatatu moja nikapiga mikwaju 79, mara yangu ya kwanza kushuka chini ya 80. Badala ya kwenda kumnunulia mtu chai, jioni nzima nililia habari za mikwaju mitatu ya kuanzia iliyopinda kushoto. Mzee mmoja kedi, sasa marehemu, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia, "Kama ni takataka, basi nipe mimi hiyo kadi nikaonyeshe nyumbani." Sikumwelewa. Nikaenda kwa mtu anirekebishe, nikabadilisha mshiko, nikabadilisha kisimamo, nikapiga mipira mchana na jua la kaskazi mpaka ngozi ya kiganja ikabanduka. Mkwaju wa kuanzia ukanyooka kama reli. Lakini ule ujanja wangu wa kutoka vichakani na ule mkono mwepesi karibu na grini ukanitoka, kwa kuwa sikuushughulikia tena. Ile 79 sikuiona tena kwa miaka mitatu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma hasa, na hili nalisema kwa niaba ya benchi. Bakhshishi ya kedi hufuata uso wa mchezaji, haifuati kadi. Sisi twalijua hilo kabla hamjafika shimo la tisa. Yule wa pointi 21 alitoka akicheka, akampa kedi wake malipo na cha juu yake, akamwuliza hali ya mtoto anayeumwa. Yule wa pointi 38 alilipa kiwango kilekile cha kawaida, senti haikuzidi, akaenda garini akivuta mguu kama anayetoka kuzika. Kedi aliyemnyooshea ile namba 5, aliyeingia kwenye miiba mara nne kumtafutia mpira, akabaki anajiuliza amekosea nini. Hakukosea kitu. Ametembea na mtu aliyecheza vizuri na akakataa kulijua hilo, na gharama ya ukaidi huo ameilipa yeye.

Na mwenzenu wa pointi 21 je? Kila mara mwenye 38 asemapo "nimecheza ovyo," anamwambia mwenziwe kwamba ovyo lake ni bora kuliko juhudi ya mwenziwe. Hujakusudia, najua. Lakini maneno yamekaa pale mezani na kila mtu ameyala. Barazani kwetu, anayeshinda bao kisha akalalamika jinsi alivyozitupa kete zake, hucheza peke yake wiki ijayo.

Sisemi mjidanganye. Kuna pointi za kazi na kuna pointi za bahati, na mchezaji mzima hujua kutenganisha. Mpira ukigonga jiwe la tumbawe ukarudi kwenye majani yaliyofyekwa, hiyo si akili yako. Sema alhamdulillah, wala usiitegemee bahati hiyo wiki ijayo. Kama mipira ya kuanzia kumi imekata kulia, kuna jambo mkononi mwako, na Jumanne nenda ukalitazame. Mimi ningependa kazi hiyo ifanywe kwenye foleni ya feri au pale Daraja la Nyali magari yakisimama, kimya, wewe na nafsi yako. Mezani sema pointi zako, sema shimo moja lililokufurahisha, kisha mwulize mwenzako lake.

Na hesabuni yote. Nimeona hivi karibuni mtu ana kadi nzuri kwa sababu mkwaju mmoja wa kwenye mchanga "umesahaulika." Huo si mkwaju mbaya uliosamehewa, ni mkwaju ulioibwa, na kedi aliuona. Kedi huona yote. Ndiyo maana hatulali vizuri.

Jumamosi hii nitakuwa pale benchini kuanzia saa kumi na mbili na nusu. Nimeshakubaliana na makedi: atakayeingia na pointi 36 kwenda juu akiwa na uso wa matanga, atanunua mahamri na mbaazi kwa benchi lote. Tuko kumi na wanne, na wawili miongoni mwetu mtu haoni mwisho wa sahani yao. Chai tutalipa wenyewe.

Wenu,
Mzee wa benchi, Mombasa