Barua kwa wanangu wa meza ya madadu

Wanangu, nawasalimu katika Bwana.

Naandika nikiwa nimeudhika, na wala si kwa ajili ya majoka ya mchezo wenu, hiyo Dungeons & Dragons ya kuigiza hadithi kwa kurusha madadu. Juzi baada ya ibada nilivuta kiti nikakaa pembeni ya meza yenu. Mwenzenu anayeongoza mchezo alikuwa amesinzia mahubiri yote, kidevu kifuani. Nilipomuuliza, akasema alikesha akichora ramani ya pango na kutunga maneno ya kila mlinzi wa lango. Mlipokaa tu, mmoja wenu akamrukia: "Umekosea kanuni!" Mwingine alichelewa, akaja hana hata penseli. Kijana wa watu akacheka kwa aibu, akaanza kupekua kitabu kutafuta ukurasa, macho mekundu.

Hebu fungueni Kumbukumbu la Torati 5:14. Amri ya Sabato haikuishia kwa mwenye nyumba. Imewataja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, hata mgeni. Mstari wa 15 unatoa sababu: nawe ulikuwa mtumwa Misri. Ninyi mmetoka Misri, mmoja mmemwacha huko anafyatua matofali, halafu mnamlalamikia kwamba matofali yamepinda! Mnaita pumziko. Pumziko la nani?

Mana iliokotwa maradufu siku ya sita ili ya saba watu watulie. Basi ramani zichorwe katikati ya wiki, na mzichore wote. Kuongoza kuwe kwa zamu. Ugomvi wa kanuni usubiri Jumatatu.

Mengine kwa ufupi. Simu zizimwe. Jina la Mungu lisiwe kiapo cha kurushia dadu. Asiyetaka kuigiza mchawi asichekwe. Viti mvirudishe.

Kuhusu majoka, hapo nina neno na wazee wenzangu. Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka 1974, na katika miaka ya 1980 Wakristo wengi huko waliipigia kelele kuwa ni ya kishetani. Lakini mwaka 1984 Wakristo wengine wakatoa mchezo wao, DragonRaid, ambao mchezaji hupambana kwa mistari ya Biblia aliyoikariri. Sisi je? Namjua mzee aliyezoa madadu ya vijana akayatupa jalalani bila kuuliza swali hata moja, na mchana huohuo alikuwa mbele ya runinga akimtukana refa. Kijana mmoja hakurudi kanisani. Tunalia vijana wanapotea, na walipokuwa wameketi pamoja, wanatazamana usoni, tuliwatawanya wenyewe.

Wiki ijayo nakuja tena. Huyo kijana apewe kiti cha mchezaji, aongoze mwingine, hata akiboronga. Nami mniandikie mhusika. Nasikia kuna nafasi ya kasisi; awe kasisi basi, ila magoti yake yawe mazima.