Masaji ya limfu: kwa nini hatukukandi kwa nguvu, na nani tunamwambia aende hospitali kwanza

Mteja anayekuja kwa mara ya kwanza kufanyiwa masaji ya limfu huuliza jambo moja: "Dada, mbona hunikandi?" Amezoea kukandwa mgongo mpaka misuli ilegee, sasa amelala kitandani anaguswa kwa wepesi mpaka anahisi kazi haijaanza. Wengine wanaona wamepunjwa hela. Wana haki ya kuelezwa.

Damu inapopita kwenye mishipa midogo kabisa, sehemu ya maji yake huvuja na kubaki katikati ya nyama za mwili. Maji hayo hukusanywa na mishipa mingine myembamba, ndiyo mishipa ya limfu. Njiani hupita kwenye tezi, zile zinazovimba kinenani ukiwa na kidonda mguuni, watu wakasema una mtoki. Humo vijidudu hukamatwa, kisha limfu, ndiyo maji hayo, inarudi kwenye damu karibu na mitulinga, chini ya shingo. Moyo hauisukumi moja kwa moja kama unavyosukuma damu. Inasogezwa na kujikaza kwa mishipa yenyewe, na misuli unapotembea, na pumzi unazovuta. Ndiyo maana mtu aliyekaa kwenye basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza anashuka viatu vikimbana.

Sasa, mishipa inayoanza kupokea maji hayo iko chini kidogo tu ya ngozi, na ni laini sana. Ukikandamiza unaibana. Kwa hiyo tunachovuta ni ngozi, tena taratibu, tunaachia, tunavuta tena. Mafuta hatupaki, au tunapaka kidogo sana, kwa sababu mkono ukiteleza ngozi haivutiki. Utaratibu huu ulianzishwa na mume na mke kutoka Denmark, Emil na Estrid Vodder, walipokuwa wakifanya kazi Ufaransa miaka ya 1930.

Chukua mama aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, akaondolewa tezi za kwapani, na mkono wa upande ule ukavimba. Mkono wenyewe ndio tunaugusa mwisho. Tunaanza shingoni na kwenye vishimo vya juu ya mitulinga, tunahamia kwapa la upande usiovimba, halafu kifua na mgongo, ili maji yapate njia nyingine ya kupita. Ndipo tunafika begani, kisha juu ya kiwiko, kisha chini yake, na vidole vinakuja baada ya vyote. Ni kama foleni ya magari: la nyuma haliendi popote mpaka la mbele lisogee. Na tunamwambia wazi kwamba masaji peke yake haitoshi. Anahitaji bandeji au mkono wa nguo ya kubana uliopimwa vizuri, mazoezi, na kuilinda ngozi isichanike, maana kwa mkono ule hata mchubuko mdogo wa jikoni unaweza kuleta maambukizi.

Matende nayo tunaulizwa sana, hasa na ndugu zetu wa Pwani. Matende husababishwa na minyoo inayoenezwa na mbu, ambayo huharibu mishipa ya limfu. Dawa za kingatiba zinazogawiwa na serikali hupambana na minyoo na kuzuia maambukizi kusambaa, lakini mguu ulioharibika unahitaji matunzo ya kila siku: kuosha kwa maji safi na sabuni, kukausha vizuri mpaka katikati ya vidole, kuunyanyua unapokaa na kuchezesha kifundo. Hayo hayana gharama kubwa na yanapunguza vipindi vya homa na maumivu makali. Tunamfundisha mgonjwa na mtu wake wa nyumbani kabla hatujazungumza habari ya masaji.

Kuna wanaokuja kwa kutaka tu kupumzika, na tunawapokea kwa moyo mmoja. Huduma hii inatuliza, wengi hupitiwa na usingizi. Lakini hatutamwambia mtu kwamba itamkata tumbo. Kiuno kikipungua kidogo siku ile, kilichopungua ni maji, mafuta yapo palepale. Wala haitoi sumu mwilini, kazi hiyo ni ya ini na figo. Inatuuma kuona watu wanalipishwa pesa nyingi kwa ahadi hizo.

Tafadhali usije kwetu kwanza kama mguu mmoja umevimba ghafla na unauma. Huenda damu imeganda kwenye mshipa, na donge likichomoka linaweza kufika kwenye mapafu. Vivyo hivyo ngozi ikiwa nyekundu na ya moto, au una homa, au una tatizo la moyo au figo na daktari hajakuruhusu kufanyiwa masaji. Mjamzito aliyevimba uso na mikono, akaumwa kichwa au kuona ukungu, aende hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu hizo ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba. Aliye kwenye matibabu ya saratani tunamhudumia akija na ruhusa ya daktari wake.

Kipindi huchukua kama saa moja. Vaa nguo zisizobana, njoo na vyeti vyako vya hospitali na majina ya dawa unazotumia, na kama unavaa soksi za kubana zilete, tuangalie kama bado zinakukaa sawasawa.