Mizigo ya mtu isifanywe rehani getini

Mhariri,

Mwisho wa Novemba nilihama Dunga, karibu na ufuo wanapoteremshia samaki, nikahamia Mamboleo. Kwa gari ni safari ya muda mfupi tu, na wote ni mji huu huu wa Kisumu. Lakini mizigo yangu ilikaa juu ya lori, nje ya geti la nyumba mpya, kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na nusu, kwa sababu mtu niliyempa kazi ya kunihamisha aliona bei tuliyopatana haimtoshi tena. Naandika kuhusu saa hizo nne na nusu. Tangu niwasimulie wateja wangu pale sokoni Kibuye, nimesikia visa vingine vingi vya aina hiyo, na sitaki kunyamaza.

Mimi ni fundi wa nguo. Ziwa lilipofura mwaka 2020, maji yalifika uani kwetu. Yaliporudi, ukuta wa chumba ninamoweka vitambaa haukukauka tena vizuri. Kitambaa cheupe cha shati la shule kikikaa karibu na ukuta ule hushika madoadoa ya ukungu, na doa hilo halitoki hata ukifua mara ngapi. Nilivumilia miaka mingi kwa kuwa nilipenda upepo wa ziwa na majirani zangu. Mwishowe nikaona kazi inaharibika.

Namba ya simu niliitoa kwenye kibao kilichopigiliwa misumari kwenye nguzo ya stima, njia ya kwenda Milimani. Aliyepokea alikuwa na sauti ya upole. Akaniuliza mizigo mikubwa, nikamtajia yote: kitanda, kabati la milango mitatu, friji, kochi la watu watatu, cherehani mbili na magunia sita ya vitambaa. Akasema shilingi 9,000, lori aina ya Canter, vijana wanne, kupakia na kupakua. Jioni ile nikamtumia 4,500 kwa M-Pesa. Hakuja kuiona nyumba, wala hakuandika chochote. Mimi nami sikudai aandike, maana huku tumezoea kupatana kwa simu na mambo yakaenda.

Lori lilifika saa tatu badala ya saa moja asubuhi. Kwa mtu wa Kisumu, saa mbili hizo si kitu kidogo. Mvua yetu hupenda kushuka alasiri, na anayehama huombea awe ameshaingiza godoro kabla ya saa nane. Vijana walikuwa watatu, si wanne. Mmoja wao, mrefu, kiganja kimefungwa kitambaa, ndiye aliyeijua kazi. Alikataa friji ilazwe, akanieleza kwamba mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba, na ukiiwasha kabla hayajashuka umeiua. Walipopitisha kabati mlangoni alikuwa akiwaambia wenzake, “Mos, mos,” yaani polepole kwa Kijaluo, na kona za kabati hazikugusa fremu hata mara moja. Alifungua kitanda na kutia skrubu zote kwenye kikopo cha siagi. Kwa kazi ile kijana yule alistahili kulipwa vizuri, na nitamrudia.

Cherehani ndiyo iliyonitia uchungu. Moja ni ya kukanyaga, niliachiwa na marehemu mama yangu, na miguu yake ni ya chuma cha kumimina kwenye kalibu. Chuma hicho ni kigumu lakini hakipindi. Kikipigwa vibaya hukatika kama chungu. Kichwa nilikitoa mwenyewe, nikakiviringisha blanketi na kukipakata. Ile meza yenye miguu, dereva aliamuru itupwe mwisho juu ya magunia, kwa sababu alikuwa na haraka ya kufunga turubai. Kijana mrefu aliomba kamba. Akaambiwa apande gari.

Tulipita Ring Road, tukatokea Kondele, tukashika barabara ya Kakamega. Nilikaa mbele na dereva, na kila tuta nilisikia chuma kikigonga ubao.

Getini dereva akazima injini na kunipa simu yake. Ilikuwa sauti ile ile, upole umekwisha. “Mama, mzigo ni mwingi kuliko ulivyosema. Ongeza 5,500, la sivyo gari linarudi yadi na vitu vyako.” Nikamtajia orodha yangu tena, kitu kimoja kimoja. Akasema sikutaja vyombo vya jikoni na masanduku. Ni kweli sikuvitaja, lakini ni nyumba gani ya mama isiyo na sufuria? Kama angekuja kuangalia siku moja kabla, akasema hii ni 10,000, ningetafakari na kukubali au kukataa, vitu vyangu vikiwa bado ndani mwangu. Yeye alingoja hadi nikawa sina nyumba ya kurudi, nyumba mpya nimeshalipia kodi na depositi, na kila nilicho nacho kiko juu ya gari lake.

Nilikuwa na 4,500 za kumalizia, basi. Saa tisa mvua ikaanza. Turubai lilikuwa na tundu upande wa nyuma, na niliyaona maji yakiingia. Nikawapigia wenzangu wa chama, mmoja baada ya mwingine, hadi wakanichangia 5,500. Nilipotuma, turubai likafunguliwa. Magunia mawili ya vitambaa yalikuwa yamelowa chapachapa. Mguu mmoja wa cherehani ya mama ulikuwa umekatika pale unaposhikana na kanyagio, na hiyo ilikuwa wiki niliyotakiwa kuanza sare za watoto wanaofungua shule Januari.

Mteja wangu mmoja anayefanya kazi mahakamani ndiye aliyenionyesha kwamba jambo hili lina sheria. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inasema kwamba mapatano yakiwa na makadirio ya bei, mtoa huduma hawezi kumtoza mteja zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio hayo. Kwangu mimi hiyo ni shilingi 900. Sheria hiyo hiyo inakataza kabisa mtu kutumia mali ya mteja iliyo mikononi mwake kumshurutisha mpatane upya. Nilipoisoma kwenye simu nilihisi kama aliyeiandika alisimama nami pale getini. Na ipo Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, ambako mtu anaweza kujisemea mwenyewe bila wakili.

Nitamshtaki nani, lakini? Ile namba sasa haipatikani. Kibao hakikuwa na jina la mtu wala mahali pa ofisi. Sisi wenye vibanda sokoni tunadaiwa leseni, tunatozwa ushuru, na askari wa kaunti anajua nimekaa wapi. Anayebeba nyumba nzima ya mtu anatoshwa na msumari na nguzo ya stima. Naiomba serikali ya kaunti ya Kisumu, kwa heshima: kila anayetangaza kazi ya kuhamisha watu aandike namba ya leseni yake kwenye tangazo na kwenye ubavu wa gari. Na kabla kitu cha kwanza hakijapanda lori, iwepo karatasi yenye orodha ya mizigo, bei, na sahihi za pande zote mbili. Karatasi hiyo itamlinda hata yeye mwenye lori, maana nakubali wapo wateja wanaosema chumba kimoja na kumbe ni vitatu.

Kijana mrefu alirudi siku ya tatu, kwa miguu kutoka Manyatta, na kile kikopo cha siagi. Kilikuwa kimeviringika chini ya kiti cha dereva, naye alijua kitanda changu hakiwezi kusimama bila skrubu zile. Aliniambia siku ile walilipwa shilingi 500 kila mmoja. Kati ya zile 5,500 nilizoongeza hawakuona hata moja. Nilimpa chai, nikamshonea suruali iliyokuwa imepasuka gotini, kisha akanisaidia kusimamisha kitanda.

Mchomeleaji wa kwanza ameniambia mguu wa cherehani hautashika. Wiki ijayo kijana huyu ataubeba kwa mkokoteni hadi kwa mwingine, kule kwa mafundi wa jua kali. Tumepatana shilingi 600, kwenda na kurudi. Nimeiandika bei hiyo nyuma ya daftari langu la vipimo, na sote wawili tumetia sahihi.

Fundi wa nguo,
Soko la Kibuye, Kisumu