Ile taa ya Corolla haijui oili

Columbus, Ohio
Jumapili usiku

Shoga yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Voisi zako zote nne nimezisikiliza nikiwa jikoni, na ya tatu nimeirudia maana sikuamini masikio yangu: ati gereji wamesema wameshabadilisha oili ya Corolla yenu, taa ya njano ya MAINT REQD bado inawaka, fundi anasema sensa imekufa, na shemeji kachoshwa na hiyo taa, kaibandika selotepu nyeusi, mkaendelea na safari! Nilicheka mpaka wali ukashika ukoko. Halafu cheko likaniisha, nikaona nikuandikie. Jambo hili kwa voisi nitasahau nusu yake, na wewe unatakiwa ulisome ukiwa umekaa ndani ya gari, simu mkononi.

Kwanza nikutoe hofu. Hayo maandishi ya MAINT REQD hayasemi kwamba injini inakufa. Yanasema muda wa matengenezo umefika, basi. Na lile ambalo hawakukwambia gereji ni kwamba taa hiyo haigusi oili wala haiioni. Ndani mkiwa na oili mpya, kuukuu au maji ya madafu, kwake sawasawa. Kazi yake kuhesabu maili. Tangu siku iliporudishwa sifuri, gari likishatembea maili kama 4,500 inaanza kumetameta kidogo unapowasha, kisha inajizimia; ndiyo ile uliyoniambia mwezi uliopita kwamba "inakukonyeza". Zikifika 5,000 hivi, kilomita 8,000 za kwetu, inawaka moja kwa moja. Fundi akimwaga oili ya zamani, akatia mpya na filta mpya, kisha asirudishe hesabu, yenyewe inaendelea na maili zake kana kwamba hakuna aliyefungua boneti. Kwa hiyo huyo fundi anayesema sensa imekufa na inataka kubadilishwa, usimpe hata senti.

Nasema hivi kwa kuwa yalishanikuta. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilimwaga oili kwenye gereji moja ya barabarani, zile unazoingia na gari mlango huu ukatokea mlango ule bila hata kushuka. Kesho yake taa bado inawaka. Nikarudi. Kijana akaitazama, akatikisa kichwa, akaniambia huenda oili niliyotiwa haikulifaa gari, afadhali nitie ile ya bei ya juu. Nami nikakubali! Oili ya siku moja ikamwagwa, nikalipa mara ya pili, na safari hiyo akaizima taa. Nikaondoka nimeridhika, namsifia fundi njia nzima.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa Lubumbashi tuliyekuwa naye zamu ya usiku kwenye ghala la vifurushi. Taa ilipowaka tena baada ya miezi nikamweleza, akaniuliza kama nimebadilisha mafuta. Nikamjibu mafuta nimejaza jana, tangi zima. Tukazungushana hapo mpaka tukagundua kwamba oili yeye anaiita mafuta, na mafuta yangu mimi anayaita esanse. Akaingia ndani ya gari, akabonyeza anapopajua, taa ikazimika. Hata dakika haikuisha. "Ile taa inahesabu njia, mama, haione mafuta," akaniambia.

Nilifurahi, lakini usiku ule nikiwa kitandani likanijia jingine. Kama taa inazimwa kwa kidole, basi mtu anaweza kuizima bila kumwaga hata tone, akakutoza pesa, ukaondoka unachekelea. Ndiyo maana nakuomba kabla hujaizima hiyo yako uhakikishe kwanza kwamba oili kweli imebadilishwa. Simamisha gari mahali tambarare, injini ikiwa imeshapata moto, izime, ungoje dakika tano oili iteremke. Chomoa dipstiki, ile fimbo nyembamba ya kupimia oili, ifute kwa kitambaa, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena. Oili inatakiwa iwe kati ya zile alama mbili. Kama wamemwaga wiki hii na hujatembea sana, utaiona ina rangi ya asali. Ikiwa nyeusi tititi, risiti unayo, rudi ukawaulize.

Angalia pia isiwe imepita alama ya juu. Injini yako ya lita 1.8 inakunywa kama lita 4.2 ukibadilisha pamoja na filta, na madumu wanayouza madukani hapa ni ya kwati 5, karibu lita 4.7. Mwenye haraka anamimina dumu zima.

Haya, sasa kuizima. Ingiza ufunguo, uzungushe mpaka taa za dashibodi ziwake, lakini injini usiiwashe. Kile kijiti cheusi kinachochomoza kwenye dashibodi, ambacho watoto wako wanapenda kukibonyeza, kibonyeze mara moja moja mpaka pale penye maili paandike TRIP A. Zima ufunguo. Sasa kibonyeze na ukishikilie, usikiachie, na huku umekishikilia zungusha ufunguo tena mpaka taa ziwake. Endelea kushikilia mpaka uone sifuri zimejipanga, 000000, na MAINT REQD imeondoka. Hapo ndipo uachie. Mimi mara ya kwanza niliachia mapema kwa kiherehere, ikabidi nianze upya. Ukiwasha injini kwa bahati mbaya katikati, hakijaharibika kitu, zima, rudia. Na jirani yako mwenye Camry ya 2005 akitaka umfundishe, mwambie ya kwake anaanzia kwenye ODO, si TRIP A. Mengine yote ni yaleyale.

Ukimaliza, chukua kalamu uandike maili za siku hiyo. Hawa wa gereji hubandika kikaratasi kwenye kona ya kioo cha mbele, lakini jua likikipiga mwezi mmoja wino unafifia. Mimi nina kidaftari ndani ya droo ya gari. Unaikumbuka ile Toyota IST ya kaka yako pale Chumbageni, iliyokuja na kikaratasi cha Kijapani kwenye fremu ya mlango? Tulibishana mchana kutwa kuhusu ile "24", wewe unasema tarehe, mimi nasema ni lita! Nimekuja kujua juzijuzi tu: ulikuwa mwaka wa 24 wa enzi ya Heisei, iliyoanza 1989, maana yake 2012. Yaani kaka alikuwa anatembea na kumbukumbu kamili ya oili yake na hakuna aliyeweza kuisoma mtaa mzima. IST ile haikuwa na taa ya kumkumbusha, na fundi wake alikuwa anaandika kilomita kwa chaki ukutani mwa gereji, ukuta ukipakwa chokaa hesabu zinapotea.

Utasikia watu wakikwambia Toyota siku hizi huenda maili 10,000 ndipo zimwagwe oili. Ni kweli kwa magari yao mengi ya karibuni yanayotumia oili nyepesi ya 0W-20, maili 10,000 au miezi 12, na bado taa inawaka kwenye 5,000 kwa ajili ya kuzungusha matairi na ukaguzi mdogo. Lakini gari lako ni la 2010, lina maili 140,000 na mengine, na wenye nalo kabla yenu hamwajui. Mimi ningemwaga kila taa inapowaka. Oili ni rahisi kuliko injini, na shemeji anafanya kazi mbili tayari.

Sasa hiyo selotepu. Ibandueni leo, msingoje hata kuizima taa. Hiyo ya njano inasubiri, hata wiki mbili inasubiri. Kuna nyingine nyekundu, ina umbo la dele la kahawa lenye tone mdomoni. Hiyo haihesabu maili. Inasema oili haisukumwi ndani ya injini, na ikiwaka ukiwa njiani unaegesha na kuzima gari palepale, hata kama umebakiza nyumba mbili kufika kwako. Sijui selotepu ya shemeji ina upana gani na imefunika nini na nini. Mkishaibandua, mkaliona dele jekundu linawaka wakati injini inanguruma, zimeni, msiende popote, unipigie hata kama ni usiku wa manane.

Ni mimi shogayo