Je, Usukani Unaovuta Unastahili Bei Yake?

Mwezi uliopita kijana mmoja alituletea dukani usukani wa michezo ya kompyuta akilalamika kwamba umeharibika, kwa kuwa haumvuti mkono hata anapoingia kona kwa kasi. Alikuwa ameununua mahali pengine, na boksi lake lilieleza kwamba una mrejesho wa nguvu. Tulipoufungua mbele yake kwa bisibisi hatukukuta hitilafu yoyote. Ndani mlikuwa na kamba nene ya mpira inayourudisha usukani katikati, pamoja na mota mbili ndogo, kila moja ikiwa na kipande cha chuma kilichoelemea upande mmoja wa mhimili wake. Kipande hicho kinapozunguka, usukani wote hutetema, lakini hapakuwa na chochote mle ndani chenye uwezo wa kuusukuma kwenda kushoto au kulia. Usukani ulikuwa mzima; kasoro ilikuwa katika maelezo ya boksi.

Tunaanza na kisa hicho kwa sababu wateja wengi wanaotuuliza kama vifaa vya mrejesho wa nguvu vina faida wamekwishajaribu vifaa vya kutetema na kukata tamaa. Mtetemo hauna upande: hukujulisha kwamba umegonga ukuta au umetoka nje ya barabara, basi. Mrejesho wa nguvu, ambao wateja wetu wamezoea kuuita kwa kifupi “usukani unaovuta”, hutumia mota yenye nguvu ya kutosha kuuzungusha usukani wenyewe, na mota hiyo hupokea kutoka kwenye mchezo hesabu mpya mara nyingi kila sekunde kuhusu nguvu zinazofanya kazi kwenye magurudumu ya mbele.

Thamani yake huonekana wazi zaidi kwenye tairi. Gari halisi linapokata kona, tairi hujipinda pale linapogusa lami, na nguvu inayolisukuma gari upande hufanya kazi nyuma kidogo ya katikati ya mguso huo. Umbali huo mdogo, ukiongezewa mwinamo ambao mafundi wa kupima magurudumu wanauita kasta, ndio unaofanya usukani utake kurudi wenyewe katikati ukiuachia. Kadiri kona inavyobana, usukani huzidi kuwa mzito. Kisha, tairi za mbele zinapokaribia kikomo cha kushika lami, uzito huo huanza kupungua, tena hupungua kabla mshiko wenyewe haujafika mwisho. Dereva mzoefu huhisi usukani umelainika mikononi, akapunguza mwendo kabla gari halijaanza kutoka nje ya kona. Nyuma ya gari ikiteleza, magurudumu ya mbele hutaka kufuata uelekeo ambao gari linakwenda, na usukani hukimbilia huko wenyewe hata kabla dereva hajaamua kuugeuza.

Anayecheza kwa padi, yaani kidhibiti cha vitufe cha kushika mikononi, hupata habari hizo kwa macho na masikio tu, kwa mlio wa tairi au kwa kuona pua ya gari ikitoka nje ya mstari, na mara nyingi huwa amekwishachelewa. Usukani wa kamba ya mpira ni mbaya zaidi kwa jambo hili, kwa sababu huzidi kuwa mzito kadiri unavyoukata, hata pale ambapo tairi zimekwishapoteza mshiko na usukani wa kweli ungekuwa mwepesi. Mikono ya anayejifunza huzoea ishara isiyo ya kweli, na kuiacha tabia hiyo baadaye ni kazi kubwa.

Tuna mteja mmoja, mzee aliyeendesha malori ya masafa marefu kwa miaka mingi, ambaye alikuja kumtafutia mjukuu wake kifaa. Tulimwomba akae mwenyewe acheze Euro Truck Simulator 2, mchezo wa malori uliotolewa mwaka 2012 na kampuni ya SCS Software ya Prague. Kwanza tulimpa usukani wa mpira, kisha ule wenye mota, uliopangwa kuzunguka nyuzi 900, yaani mizunguko miwili na nusu kutoka ukingo hadi ukingo. Alipomaliza kukunja kona kwa ule wa pili alilegeza vidole, akauacha usukani urudi ukiteleza ndani ya viganja vyake, kama afanyavyo dereva yeyote wa lori. Hakuna aliyemwelekeza kufanya hivyo. “Ule wa kwanza unanibishia tu,” alisema. “Huu ninauelewa.”

Hata hivyo hatutamshauri kila mteja anunue kifaa cha namna hii, na mfano mzuri ni ndege. Katika Cessna 172 usukani umeunganishwa kwa nyaya za chuma na mabawa madogo ya mkiani, kwa hiyo hewa inayoyapiga husikika mikononi mwa rubani: ndege ikienda kasi usukani hukaza, ikipunguza mwendo hulegea. Rubani akishapata mwinuko anaoutaka huzungusha gurudumu la trimu mpaka mzigo wote mikononi uishe. Jostiki ya springi, yaani fimbo ya kuongozea ndege inayorudishwa katikati na springi, haiwezi kuonyesha jambo hilo, kwa kuwa katikati yake haihami kamwe. Kwa mtu anayefanya mazoezi ya ndege ndogo, jostiki inayosukuma ni msaada wa kweli. Lakini rubani wa Airbus A320 hushika jostiki ya pembeni yenye springi, isiyomletea mzigo wa hewa hata kidogo, na ile ya ndege ya kivita F-16 husogea kiasi kidogo mno kwa sababu hupima nguvu ya mkono. Mteja anayependa A320 akinunua jostiki nzuri ya springi, atakuwa karibu zaidi na ndege halisi kuliko yule aliyetumia fedha nyingi kununua inayosukuma.

Jostiki zenye uwezo huo si jambo jipya. Microsoft ilitoa SideWinder Force Feedback Pro mwaka 1997, na hadi leo wapo wapenzi wa ndege wanaozitunza jostiki za jamii ile kama mali. Tatizo ni kwamba mchezo wenyewe lazima uwe umeandikwa kutuma nguvu hizo. DCS World, mchezo wa ndege za kivita, hutuma. Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020 ilitoka bila uwezo huo, na wenye jostiki za aina hii walilazimika kutumia programu ya watengenezaji wengine. Ndiyo maana kwa jostiki tunauliza jina la mchezo kabla ya kutaja bei, ilhali kwa usukani wa magari hatuna wasiwasi sana, kwa sababu michezo mingi ya magari ya kompyuta huutambua.

Kuhusu aina za mota, usukani wa Logitech G29 hutumia gia, ambazo hugongana kwa sauti unapopita barabara mbovu, na anayecheza usiku nyumba nzima imelala azingatie hilo. Aina za mkanda ni laini na kimya zaidi. Zile ambazo usukani umefungwa moja kwa moja kwenye mhimili wa mota ndizo zinazosema kweli zaidi, na bei yake ni ya juu. Fanatec CSL DD, ambayo ni ya aina hii, hutoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 5, sawa na kubeba uzito wa takriban kilo moja kwenye ncha ya mkono wa nusu mita, nguvu inayotosha kuitikisa meza nyepesi. Mwenye konsoli akumbuke kwamba G29 ni ya PlayStation na kompyuta, na G920 ni ya Xbox na kompyuta. Tumewapokea wateja waliozichanganya, na hakuna tunaloweza kuwasaidia kwa bisibisi.

Vifaa vingi tunavyoletewa kwa madai kwamba “havivuti” vimepangwa vibaya tu. Wakati mwingine springi ya katikati imewashwa ndani ya programu ya kifaa, ikafunika habari zote za tairi, izime. Wakati mwingine nguvu imepandishwa hadi mwisho, na mota ikifika kikomo chake haiwezi tena kutofautisha kona kali na kona kali zaidi. Ipunguze hadi uhisi tofauti hiyo imerudi. Na pale adapta ya umeme inapokosekana, mota haiwezi kufanya kazi, kwa kuwa umeme wa USB peke yake ni mdogo mno kwake.

Dukani tumeweka usukani wa mpira na wa mota kwenye meza moja, kwa gari lile lile na kona ile ile. Anayekuja kujaribu atuambie jina la mchezo wake na aina ya kompyuta au konsoli aliyonayo, na kama inawezekana atupigie picha ya meza atakayoufungia usukani.